Msisubiri mpaka Mikumi

Jumamosi iliyopita nimeambiwa tena. Baba mmoja aliyehamia Dodoma kikazi alikuja na wanawe wawili kwenye matembezi yetu ya asubuhi ya kuwaonyesha watoto mazingira. Akalitazama korongo kavu, akaitazama miti isiyo na jani hata moja, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, nashukuru kwa moyo wako. Ila hawa nitawapeleka hifadhi ya Mikumi mwezi wa kumi na mbili wakaone mazingira yenyewe. Huku ni vumbi tu." Wakati anasema hayo, hondohondo wawili wenye midomo myekundu walikuwa juu ya mbuyu nyuma yake. Mwanawe mdogo alikuwa ameshawaona na alikuwa anamvuta shati.

Kauli hiyo nimeisikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa watu wa uhifadhi ambao wangepaswa kujua zaidi. Leo naijibu kwa urefu, ili siku nyingine nikiulizwa niwatumie maandishi haya.

Nianze na neno lenyewe. Mazingira ni yale yanayokuzinga, yaliyokuzunguka hapo ulipo. Hayawezi kuwa Mikumi wakati wewe uko Nkuhungu, hapa Dodoma. Lakini muulize mtoto wa darasa la tatu mazingira ni nini, atakujibu ni kufagia na kuokota taka, kwa sababu kila alipolisikia neno hilo shuleni palikuwa na fagio karibu. Usafi ni jambo jema, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba tumempa mtoto maana mbili tu za neno hili: kazi ya usafi iliyo hapa nyumbani, na wanyama wakubwa walio mbali. Katikati ya hizo mbili ndiko anakoishi, na huko hakuna mtu aliyemwonyesha kitu.

Na huu ndio mji ambao jina lake, kwa simulizi za Wagogo, linatokana na tembo aliyedidimia kwenye matope. Idodomya, mahali palipozama.

Sasa hilo la vumbi. Dodoma ni nusu kame, si jangwa. Hapa hatuna vuli na masika kama watoto wanavyokariri darasani. Tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Mtu aliyekulia Pwani au Kilimanjaro anaona miti mitupu ya mwezi wa nane anadhani imekufa. Haijakufa. Kupukutisha majani ndiyo njia yake ya kulinda maji, maana jani ndilo linalopoteza maji. Kwaruza kidogo sana kijitawi cha mbuyu kwa ukucha: chini ya gome utakuta kijani. Tabaka hilo linaendelea kutengeneza chakula kwa jua hata mti ukiwa hauna jani. Mtoto akiuona ule ukijani siku moja, hatasema tena kwamba mti umekufa kwa sababu ni mkavu. Nimewaona wakirudi nyumbani wakikwaruza kila kijiti njiani, na huwa nalazimika kuwaambia wasimalize miti ya watu.

Kuna mti mwingine wa jamii ya migunga unaoota kandokando ya makorongo, wanasayansi wanauita Faidherbia albida, ambao unafanya kinyume kabisa na wenzake. Mvua ikinyesha unapukutisha majani, kiangazi kikikolea unachipua. Ndiyo maana mwezi wa tisa unakuta mbuzi wamejaa chini yake wakila maganda ya mbegu na wachungaji wamelala kivulini. Nikiwauliza watoto kwa nini mti mmoja tu una majani, huwa siwajibu siku hiyo hiyo. Wanapeleka swali nyumbani. Wiki inayofuata wanarudi na majibu ya babu, ya mjomba, ya dada wa kazi aliyetoka Chamwino, na hayo majibu ni nusu ya ninachokitafuta, kwa sababu familia imezungumza habari za mti mezani.

Na humo ardhini kuna vyura. Wamejizika wakisubiri. Mvua za kwanza zikipiga wanatoka, na usiku huo mtaa mzima haulali kwa kelele zao. Siku hizo hizo kumbikumbi wanaruka, jongoo wanatambaa, na vile vidudu vyekundu laini kama mahameli vinajaa njiani. Lakini mtoto ambaye hakuiona ile ardhi ngumu ya mwezi wa kumi, kumbikumbi kwake ni kero ya kwenye taa. Aliyeiona anajua kitu kimefunguka. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, na ndilo linaloniudhi likipuuzwa: mshangao wa msimu wa mvua unalipiwa kiangazi. Huwezi kumleta mtoto wakati wa kijani tu, ukapiga picha, ukasema tayari.

Kwa hiyo tunachofanya ni kurudi mahali pamoja. Kila familia inachagua mti wake, karibu na nyumbani, unaofikika kwa miguu, na inautembelea angalau mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima. Basi. Hakuna karatasi za kujaza. Wengi huchagua mbuyu, na mbuyu una zawadi yake: mwishoni mwa kiangazi unachanua maua makubwa meupe yanayofunguka jioni, yananuka uchachu, popo wanayafuata usiku, na kesho yake yanaanza kunyauka na kuanguka. Ukija mchana utakuta yako chini. Lazima uwepo jua linapozama. Sijaona kipindi cha darasani kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Mwaka jana binti mmoja wa miaka saba alipasua buyu kwa mara ya kwanza akaniuliza mbona ubuyu umepauka, rangi imekwenda wapi. Alikuwa anakula ubuyu mwekundu wa pakiti tangu ajitambue, amezungukwa na mibuyu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana. Mama yake alicheka, kisha akanyamaza. Siku hiyo ndipo aliponiambia kwamba bibi yake alikuwa anawapikia majani machanga ya mbuyu kama mboga.

Hifadhi za taifa sizipingi. Nimeongoza wageni miaka sita na ninazipenda. Lakini mle mtoto anakaa garini, anatazama kwa dirisha, haruhusiwi kushuka ovyo wala kuchuma kitu, na sheria hizo ni sahihi kabisa. Anarudi anajua simba wapo. Simba wakiisha kesho atahuzunika kama anavyohuzunika kwa habari ya redioni. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoanzisha Roots & Shoots, mpango wake wa vijana na mazingira, mwaka 1991, alianza na wanafunzi kumi na wawili kwenye baraza ya nyumba yake Dar es Salaam, wakizungumza matatizo waliyoyaona wenyewe pale wanapoishi. Barazani, jamani.

Kuhusu majina ya viumbe: mzazi asiogope kutoyajua. Semeni "yule ndege mwenye mkia mrefu" mpaka mtakapojua.

Kuhusu nyoka na nge: wapo, na woga wenu ni halali. Viatu vya kufunika vidole, hakuna kutia mkono kwenye shimo, jiwe linainuliwa na mtu mzima kwa kulivuta upande wake ili liwe ngao, kisha linarudishwa lilivyokuwa. Korongoni hatuingii mvua zikianza, hata kama hapa jua linawaka, maana maji yanatoka mbali. Na uwanja wa nyumba endeleeni kuufagia, lakini acheni kona moja mbali na mlango. Chini ya upenu, kwenye vumbi laini, tazameni vile vishimo vidogo vyenye umbo la faneli. Chini ya kila kimoja amejificha mdudu anayesubiri sisimizi ateleze.

Lipo jambo linalonisumbua, na vitabu vya elimu ya mazingira havilisemi. Njia ya kwenda Bahi niliwahi kukutana na kijana wa miaka kama kumi na moja na mbuzi wake. Alijua ni mti gani unazuia kuhara kwa ndama na chini ya mchanga wa korongo maji yako kina gani. Nikamuuliza anapenda nini zaidi porini. Akasema: "Napenda nikienda shule." Kwake yeye asili ni kazi, ni kiu, ni fimbo mbuzi akipotea. Nikimwendea na maneno yangu ya kuwaunganisha watoto na asili, nitakuwa namtukana. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha watoto wa mjini kukipenda kitu ambacho yeye anatamani kukiacha apumzike, na bado sijapata jibu linaloniridhisha. Nilichofanya ni kumwomba ruhusa mama yake ili kijana aje atuonyeshe sisi jinsi ya kuchimba maji mchangani, siku ambayo hana shule wala zamu ya mbuzi, na tumlipe kama tunavyomlipa mwongozaji yeyote. Mama amekubali, atakuja naye.

Ni Jumamosi hii, saa moja asubuhi, korongoni. Leteni bakuli la kuchotea mchanga, kofia, na maji ya kunywa. Yule baba wa Mikumi ameshanipigia simu. Mwanawe amemwambia hondohondo hawawezi kungoja Desemba.