Kaboni Haikupima Umri wa Zinjanthropus

Nimechoka na kaboni. Wanafunzi wanaofika Korongo la Oldupai wanaitaja, walimu wao wanaitaja, na hata waongoza watalii waliobobea huwaambia wageni bila kusita: fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lilipimwa kwa kaboni, likaonekana lina miaka milioni 1.75. Haikuwa hivyo, wala haiwezekani iwe hivyo.

Kaboni 14, yaani kaboni yenye mionzi iliyomo katika kila kiumbe hai, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Ikifika miaka 57,300 imekwisha kupungua kwa nusu mara kumi, na kilichobaki hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya ile iliyokuwemo mnyama alipokufa. Ndiyo maana maabara hukomea kwenye miaka 50,000 hivi. Njia hiyo ni nzuri sana kwa mkaa wa jiko la kale, kwa mbegu, kwa mifupa ya watu waliozikwa miaka elfu chache iliyopita. Lakini kwa fuvu ambalo mtafiti Mary Leakey aliligundua tarehe 17 Julai 1959, haina la kusema. Ukikuta kaboni 14 humo, ujue imeingia baadaye, kwa maji au kwa mikono ya watu.

Basi umri ulipatikanaje? Fuvu lenyewe halikupimwa. Kilichopimwa ni majivu ya volkano. Zamani hizo Oldupai palikuwa na ziwa, na volkano za Nyanda za Juu za Ngorongoro, hasa Olmoti, zilimwaga majivu kandokando yake, mlipuko baada ya mlipuko. Ndani ya majivu hayo mna fuwele za madini yaitwayo feldispa, zenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo, yaani potasiamu 40, ni ya mionzi. Huoza polepole mno, nusu yake ikichukua takriban miaka bilioni 1.25, na baadhi yake hugeuka gesi ya argoni. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, argoni hutoroka. Ukishapoa na kuganda, argoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele. Pima potasiamu iliyopo, pima argoni iliyokusanyika, utajua volkano ililipuka lini.

Fuvu lilikutwa kati ya matabaka mawili ya majivu ya namna hiyo. Ni kama mtoto wa kati: ukishajua umri wa kaka yake na wa mdogo wake, wake hauwezi kutoka nje ya hapo.

Majibu ya kwanza yalitangazwa 1961: miaka milioni 1.75. Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary na mtafiti mwenzake, alikuwa amekadiria kama miaka 600,000 tu. Siku hizi argoni hupimwa kwa ustadi zaidi, hata fuwele moja moja, na umri umesogea hadi karibu milioni 1.84. Nikiwaeleza watu hivyo, wapo wanaonijibu, "Kumbe mnabahatisha!" Hapana. Tofauti hiyo ni asilimia 5 hivi, na imetokana na vipimo bora zaidi.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu nimeona madhara yake. Mwanafunzi aliyekaririshwa kaboni hukutana na mtu anayemwambia, "Kaboni haifiki hata miaka laki moja, kwa hiyo hayo mamilioni ni uongo." Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na mwanafunzi hana cha kujibu. Anaondoka akiamini kwamba sayansi nzima ilimdanganya, kumbe aliyemfundisha ndiye hakusoma vizuri. Walimu, tafadhali, futeni neno kaboni kwenye somo la Zinjanthropus.

Dhana nyingine: kilicho chini zaidi ndicho kikongwe zaidi, popote ulipo. Katika sehemu moja ambayo haijavurugwa, ni kweli tabaka la chini lilitangulia. Ila huwezi kulinganisha sehemu mbili kwa mita. Laetoli, kilomita kama 45 kusini mwa Oldupai, iko juu kuliko sakafu ya korongo, lakini nyayo za viumbe wa ukoo wa binadamu zilizokutwa huko zina miaka milioni 3.66, karibu mara mbili ya Zinjanthropus. Na mwaka 1913 mtafiti Mjerumani Hans Reck alikuta mifupa ya mtu katika tabaka la pili la Oldupai, akadhani ni ya kale kama tabaka lenyewe. Ilikuja kubainika kwamba ni mtu wa nyakati za karibu zaidi, aliyezikwa humo. Kabla ya kutaja umri, tafuta kwanza kingo za shimo la kaburi.

Wapo wanaosema matabaka yote yalilazwa na gharika moja. Nawasihi waangalie majivu ya Laetoli: juu yake kuna alama za matone ya mvua. Tone haliachi alama chini ya maji.

Zinjanthropus si babu yetu. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei, na ni tawi la pembeni la ukoo wetu, lililokatika.

Na hakuna binadamu aliyewahi kuwinda dinosaria. Mifupa ya Tendaguru, Lindi, ina miaka kama milioni 150. Hata huko kaboni haina kazi: matabaka ya dinosaria yamepishana na matabaka ya bahari, na konokono, kome na amonaiti (viumbe wa bahari wenye kombe waliokwisha kutoweka) waliomo ndio wanaotusaidia kujua zama. Mpishano huohuo unaonyesha bahari ilivyoingia nchi kavu na kurudi, zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo ukiona kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kimechomoza kwenye korongo baada ya mvua, usikiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakukataza, lakini hata isingekuwepo ningekuomba hivyo hivyo, maana kisukuku kilichong'olewa kwenye tabaka lake kinaweza kupoteza umri wake moja kwa moja. Piga picha kikiwa palepale, weka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, piga nyingine kwa mbali ili tabaka lionekane, andika jina la mahali, kisha umpelekee taarifa afisa utamaduni wa wilaya au makumbusho iliyo karibu.