Friza imeungua: kabla ya kesi kuna barua

Mama mmoja muuza samaki wa Kibirizi alifika ofisini kwetu hapa Kigoma akiwa amefura. Umeme ulienda na kurudi mara tatu usiku mmoja, friza ikaungua, migebuka yote ikaoza. Alichotaka ni kesi tu. Mwanasheria wetu mkongwe, ambaye sote tunamwita Mzee, alimvutia kiti, akamuuliza, "Mama, barua umeandika?" Hakuwa ameandika.

Mzee aliingia kwenye sheria za umeme wakati bado tunatumia sheria ya mkoloni ya 1931, mdhibiti wa kusimama kati ya mteja na mtoa huduma hayupo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, iliundwa kwa sheria ya 2001, ikaanza kazi 2006, kisha ikaja Sheria ya Umeme ya 2008. Siku hizi mtoa huduma akitaka kupandisha bei huleta maombi, mdhibiti hufanya taftishi, yaani uchunguzi wa wazi, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kwenye mikutano hiyo, Mzee hulalamika, suti huwa nyingi kuliko kanga.

Umeme ukikuunguzia kitu, malalamiko huanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Andika, peleka, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika ndipo uende EWURA, ambako kwanza mtakaa kusuluhishwa. Ikishindikana, shauri husikilizwa na kuamuliwa. Asiyekubali uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani. Kama kuandika kunakupa shida, EWURA CCC, baraza la watumiaji, lipo kwa ajili ya kukusaidia.

Ushahidi ndio unaowaangusha wengi. Mzee hataki kusikia "juzi usiku", anataka saa. Anataka risiti ya friza na maelezo ya fundi aliyeifungua. Tena atauliza habari za majirani, na si umbea. Vyombo vya nyumba tatu vikiungua saa ileile, macho yanageukia laini ya nje. Kikiungua chako peke yako, utaulizwa waya za ndani alizitandaza nani, maana kutoka kwenye mita kuingia ndani ni juu yako.

Na risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, msiitupe. Mle mna VAT asilimia 18, REA (Wakala wa Nishati Vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Anayelia kwamba uniti zake "zimeliwa" mara nyingi amekatwa kodi ya jengo, ambayo hukusanywa kupitia LUKU tangu 2021. Hiyo si bei ya umeme, na malalamiko yake yana mlango mwingine.

Barua ya mama yule tuliiandika palepale. Tulipofika kwenye namba ya mita tukakwama, ikabidi ampigie simu mwanawe aisome ukutani, tarakimu moja moja, Mzee akiandika.