Urafiki haikuanguka Ubungo peke yake

Muulize mtu wa Dar kwa nini kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kilififia, jibu utalipata kabla hujamaliza swali: uongozi mbovu, wizi, uzembe wa mashirika ya umma. Sikatai. Ila jibu hilo halielezi kwa nini Mutex, kiwanda cha nguo cha Musoma, nayo ilianguka, na Kicomi, kiwanda cha pamba cha Kisumu, Kenya, pia, tena upande wa pili wa mpaka ambako Ujamaa haukukanyaga.

Sisi tunaochunguza uchumi na siasa kwa jicho la jiografia hatuishii getini mwa kiwanda. Tunauliza kimeunganishwa na wapi, na huko nani ameshika mpini.

Urafiki ilifunguliwa 1968 kwa mkopo wa China. Pamba ilikuwepo nchini, lakini vipuri na rangi vilihitaji dola, na dola zilitokana na kahawa, katani na pamba hiyohiyo, mazao ambayo bei zake hazikupangwa Dar. Mafuta yalipopaa bei 1979, na Vita vya Kagera vikiwa vimekomba akiba, mashine zikaanza kusimama kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo nabishana na wanaoitwisha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, lawama zote: mkataba wake na Tanzania wa 1986 ulimkuta mgonjwa kitandani. Ulichofanya ni kumchomoa dripu, shilingi ikashuka thamani na forodha ikafunguka.

Kisha mitumba. Nenda soko la Karume, Dar, asubuhi, robota likikatwa kamba: bei ya shati lile haihusiani na gharama za kulishona, maana mvaaji wa kwanza alishazilipa Ulaya au Marekani. Kiwanda gani kitashindana hapo? Na pamba ya Simiyu, ikishachambuliwa, sehemu kubwa inasafirishwa nje kabla ya kusokotwa uzi. Marobota yanapishana bandarini.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakaza, ushuru wake wa mitumba ukatoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Ilithubutu kwa sababu ilikuwa ikiuza nguo chache kule. Kenya, yenye viwanda vizima vinavyoshona kwa ajili ya soko la Marekani, haikuwa na ubavu huo.