Ithibati ya Maabara za Hospitali: Dhana Potofu na Ukweli

Maabara nyingi za hospitali katika Afrika Mashariki zimejiwekea lengo la kupata ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa umahiri kutoka chombo huru, kwa kufuata ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora na umahiri wa maabara za tiba kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kuhuishwa mara ya mwisho mwaka 2022. Lengo hilo ni jema, lakini limezungukwa na dhana zinazowafanya viongozi wa hospitali watumie fedha nyingi na kubaki na utendaji uleule.

Dhana potofu: Ithibati ni kazi ya makaratasi.

Chukua fomu ya joto la jokofu la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia sampuli, ambalo kwa kawaida linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Fomu inayoonyesha nyuzi 5 asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, hata siku ambayo umeme ulikatika, imejaa vizuri lakini haithibitishi chochote, na mkaguzi mzoefu huitilia shaka mara moja. Anachotaka kukiona ni siku ile joto lilipopanda hadi nyuzi 11: nani aligundua, vitendanishi vilitengwa lini, ni majibu ya wagonjwa gani yaliyopitiwa upya, chanzo kilikuwa nini, na nini kilibadilishwa ili hali hiyo isijirudie. Kasoro iliyoandikwa na kushughulikiwa ni ushahidi wa mfumo unaofanya kazi, na ndiyo maana meneja anayewaadhibu watumishi kwa kuripoti makosa huiua ithibati kabla hata wakaguzi hawajafika.

Dhana potofu: Maabara yenye ithibati ina ithibati kwa kila kipimo.

Ithibati hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa katika wigo wake tu. Maabara inaweza kuwa nayo kwa kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI na isiwe nayo kwa uoteshaji wa bakteria, ingawa kazi zote mbili zinafanyika katika jengo moja. Daktari asiishie kutazama nembo. Aombe orodha ya vipimo vilivyomo.

Dhana potofu: ISO ndiyo inayotoa ithibati.

ISO, Shirika la Kimataifa la Viwango, huandaa viwango tu. Ithibati hutolewa na vyombo kama KENAS nchini Kenya, au SADCAS yenye makao makuu Gaborone, ambayo huihudumia Tanzania pamoja na nchi nyingine za SADC.

Dhana potofu: Ithibati pekee inatosha kuonyesha kwamba wagonjwa wanapata matokeo bora.

Utafiti kuhusu hospitali za Marekani, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ, haukuona tofauti ya maana ya vifo kati ya hospitali zenye ithibati ya mashirika huru na zile zilizokaguliwa na mamlaka za majimbo. Sioni hapo sababu ya kuiacha ithibati. Ninachokiona ni wajibu wa kila taasisi kupima utendaji wake yenyewe, mwezi hadi mwezi: muda kutoka sampuli inapopokelewa hadi majibu yanapotoka, idadi ya sampuli zilizokataliwa na sababu zake, na matokeo ya uhakiki wa nje wa ubora, ambapo maabara hupima sampuli zinazotumwa na taasisi ya nje ili majibu yake yalinganishwe na yanayotarajiwa.

Dhana potofu: Maabara ndogo haina pa kuanzia.

Tangu mwaka 2009, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ina mpango wa SLIPTA wa kuziboresha maabara hatua kwa hatua kuelekea ithibati, ambao huipa maabara nyota moja inapofikisha asilimia 55 ya alama na nyota tano inapofikisha asilimia 95. Nyota hizo si ithibati. Hata hivyo, alama za kila kipengele zinamwezesha mkuu wa maabara ya wilaya kuuonyesha uongozi, kwa ushahidi, kama fedha za mwaka ujao ziende kwenye matengenezo ya mashine, mafunzo ya watumishi au usimamizi wa ghala la vitendanishi.