Chumvi ya kikaboni haina uhusiano na kilimo hai

Chumvi inayotiwa kwenye kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ni chenga za sodiamu kloraidi. Muuzaji akiinadi kuwa "ya kikaboni" kwa sababu haikupita kiwandani, anakosea: sodiamu kloraidi haina kaboni. Neno kaboni limetokana na Kilatini carbo, yaani makaa, kwa hiyo liko karibu na gunia la mkaa kuliko shamba lisilo na dawa.

Chumvi ya kikaboni ni kampaundi ya ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ambamo angalau ayoni moja ina kaboni kama kiunzi chake. Basi. Metfomini haidrokloraidi, dawa ya kisukari, ni mojawapo. Kidonge cha miligramu 500 kina takriban miligramu 390 za metfomini, na zinazobaki ni asidi ya haidrokloriki iliyoungana nayo. Chumvi hiyo haina sodiamu.

Kosa linaloudhi zaidi ni kudhani kwamba bondi ya haidrojeni, yaani mvuto kati ya haidrojeni ya molekuli moja na atomu kama oksijeni ya jirani yake, ndiyo inayofanya kitu kiwe chumvi. La. Barafu wanayofunikia sangara imeshikwa na bondi hizo, kila molekuli ya maji ikiwa na nne, na hamna chumvi humo. (Kristali nalo ni neno la Kigiriki lililomaanisha barafu.) Chumvi hutokea pale asidi inapoikabidhi besi protoni yake, yaani haidrojeni iliyoacha elektroni yake nyuma. Bondi ya haidrojeni kazi yake ni kupanga: kwenye metfomini, haidrojeni zilizoshikwa na naitrojeni huelekea kloraidi, na kutoka naitrojeni hadi klorini huwa kama nanomita 0.31 hadi 0.34.

Protoni ikibaki kwa asidi, ikaiegemea besi tu, kristali hupatikana vilevile, ila ni kristali mseto. Eksirei haziioni vizuri haidrojeni kwa sababu ina elektroni moja tu, hivyo kwa asidi ya kaboksili, ambayo kaboni yake moja imeshika oksijeni mbili, hupimwa bondi mbili za kaboni na oksijeni. Zote zikiwa karibu nanomita 0.125, protoni imeshaondoka, zikiwa 0.121 na 0.131, bado ipo. Kabla ya kupima, linganisha pKa, kipimo cha jinsi protoni inavyoshikiliwa: ya besi iliyopokea protoni ukitoa ya asidi, tofauti ikizidi 3, kwa kawaida ni chumvi. Kati ya 0 na 3, usiape.

Ile ya kayabo iitwe chumvi ya mawe, kama ilivyoitwa siku zote.