Uhuru ya Ngomeni haikupima mwanga mkongwe

Husikika hapa Malindi kwamba Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ndiyo iliyopima mwanga uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Si kweli. Uhuru ilichunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, tena ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi hiyo. Sifa hiyo ni kubwa, tusiibebeshe isiyo yake.

Mwanga huo mkongwe ni mawimbi ya maikrowevu. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa bila kuutafuta mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani. Antena yao ilivuma usiku na mchana, majira yote, popote walipoielekeza. Walishuku hata kinyesi cha njiwa waliotaga ndani yake. Wakakisafisha, mvumo ukabaki: ndio uliokuwa mwanga huo.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba mwanga huo unatoka kule Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, ulikotokea. Hakuna “kule”. Haukuwa baruti iliyolipuka pembeni mwa anga tupu. Anga lenyewe lilitanuka, kila mahali. Ndiyo sababu, ukishaondoa athari ya mwendo wetu wenyewe, mwanga huu unalingana pande zote za mbingu, ukipishana kwa takriban sehemu 1 katika 100,000 tu. Wataalamu huzisaka tofauti hizo ndogo kwa bidii, maana palipokuwa na msongamano wa maada uliozidi kidogo ndipo galaksi zilipokuja kujengeka.

Wala si mwanga wa dakika ya kwanza. Ulianza kusafiri huru ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi, na sasa umepoa hadi karibu nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri. Anayeogopa kwamba utamdhuru na atulie.

Wengine huamini kwamba kwa kuwa Lamu ina giza zuri, darubini ikiwekwa Shela itauona vyema. Giza si hoja hapa. Kizuizi ni mvuke wa maji, na hewa ya pwani yetu imejaa mvuke. Darubini za kazi hii huwekwa penye hewa kavu: Ncha ya Kusini, au jangwa la Atacama nchini Chile, kwenye kimo cha zaidi ya mita 5,000. Nje ya angahewa ni bora zaidi, ndiyo maana zikarushwa setilaiti za COBE mwaka 1989, WMAP mwaka 2001 na Planck mwaka 2009. Vipimo vya Planck vinaupa ulimwengu umri wa miaka bilioni 13.8, na vinaonyesha kwamba maada ya kawaida, yaani nyota, bahari na miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo.