Dogo anakojoa damu, altrasaundi ya nini tena?

Mwanangu ana miaka 9, mkojo wake unaisha na damu. Wenzake anaooga nao bwawani wako hivyohivyo, si kukua tu?

Hapana mama. Kama wote wanakojoa damu basi wote wapimwe. Huku kwetu Lindi na Mtwara kichocho ni cha siku nyingi, vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini vinapenya ngozi, iwe anaoga au anakanyaga majaruba ya mpunga, baadaye mayai yanakwama kwenye kibofu.

Si apewe dawa tu yaishe?

Dawa atapewa. Ila kipimo cha mkojo kinakwambia mdudu yupo, hakikwambii kaharibu nini. Altrasaundi ndo inaonyesha ukuta wa kibofu umenenepa au una vinundu, au mrija wa kushusha mkojo umebana, mkojo unajaa juu mpaka figo inavimba. Na figo inaweza kuvimba mtoto hana maumivu yoyote, yuko uwanjani anapiga chandimu, hapo ndo panaponitisha.

Hata wasio na kichocho wanaihitaji, mfano UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zinazojirudia, au kachanga ka kiume kanakojoa kwa kukamua, matone matone, huyo msisubiri, anaweza kuwa kazaliwa na kingozi kinachoziba njia.

Haina mionzi?

Haina, ni mawimbi ya sauti. Hakuna sindano, ni jeli ya baridi tumboni, wengi wanacheka wakipakwa. Shida ni kibofu kijae: unamnywesha maji, mnakaa kwenye benchi, jina linakaribia kuitwa, mara dogo kashakojoa nyuma ya jengo, mnaanza upya.

Picha ikiwa safi?

Mkojo upimwe bado, maana kichocho kichanga na UTI vinaweza visionekane kwenye picha. Peleka mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo mayai yanatoka mengi.

Kibofu kinapona?

Kwa watoto mara nyingi ndiyo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, anapewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, kwa hiyo lazima apande mzani kwanza (au apimwe urefu kwa kile kijiti cha shuleni kinachokadiria dozi), halafu picha inarudiwa baada ya miezi kama 6. Figo ikiwa bado imevimba, ombeni rufaa kwa daktari wa mkojo. Ila akirudi bwawani kesho yake anaambukizwa tena, dawa haimkingi.